Ni nani analipa basi? Shirika, dereva na abiria katika miji ya Marekani

Kama uko na ndugu aliyehamia Marekani, labda umeshasikia maneno kama haya kwenye simu: "Basi yangu wameiondoa. Sasa natembea kwa miguu saa nzima mbele ya kufika kazini." Wewe huku unabaki kujiuliza: inakuwa aje? Nchi yenye utajiri namna ile inakosa pesa ya basi? Na hao walioiondoa ni nani? Ni mwenye gari? Ni meya? Ao ni dereva mwenyewe?

Swali hilo linatugusa. Kwa miaka mingi Kongo ilikuwa kati ya nchi ambazo watu wao walipokelewa kwa wingi zaidi Marekani kama wakimbizi. Wengi walifika bila gari na bila permi. Katika mji mgeni, basi njo miguu yao: inawapeleka kazini, hospitali, kwenye masomo ya Kiingereza, kanisani. Basi ikikatwa, maisha yanakatika pamoja nayo.

Leo tunaeleza kazi hii inavyoendeshwa kule. Jibu fupi ni hili: nauli ambayo abiria analipa haitoshi kuendesha basi. Pesa inayobaki inatoka kwenye kodi, na kodi inaamuliwa na wanasiasa ao na wananchi kwa kura. Pesa ikikosa, abiria anakasirika, na mtu wa kwanza anayemuona mbele yake ni dereva. Lakini dereva hakuamua kitu.

Mbele ya yote, ilikuwa biashara

Musifikiri kwamba serikali ya Marekani ndiyo ilianzisha mabasi na metro. Mwanzoni ilikuwa biashara ya watu binafsi. Kampuni ziliweka tramu za kukokotwa na farasi, kisha tramu za umeme, na faida ilikuwa nzuri. Metro ya New York ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904 ikiendeshwa na kampuni binafsi. Nauli ilikuwa senti 5.

Senti hizo 5 zina hadithi yake. Wanasiasa waliogopa kuzigusa, kwa sababu nani atapandisha bei ya usafiri halafu apate kura? Basi nauli ya New York ilibaki senti 5 tangu 1904 mpaka 1948. Miaka 44! Katikati yake vita mbili za dunia zilipita, bei ya kila kitu ilipanda, mishahara ilipanda, lakini tikiti ilibaki palepale. Kampuni zikadhoofika. Mwaka 1940 mji ulinunua kampuni mbili kubwa za metro, na tangu hapo metro ikawa mali ya umma.

Miji mingine ilifuata njia hiyo hiyo. Chicago ilipata shirika lake la umma, CTA, lililoanza kazi mwaka 1947. Philadelphia ilipata SEPTA, iliyoundwa mwaka 1964, nayo ikachukua kazi ya kampuni ya zamani ya mji mwaka 1968. Sababu ilikuwa karibu moja kila mahali: nyuma ya vita ya pili ya dunia watu walinunua magari, serikali ilijenga barabara kubwa, familia zilihamia pembeni ya mji, na waliobaki kwenye basi walikuwa maskini, wazee, wanafunzi na watu weusi. Kampuni binafsi hazikuona tena faida. Zingine zilifunga, zingine ziliuza.

Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kusaidia usafiri wa mijini. Kwa sheria hiyo, serikali kuu ilianza kutoa pesa ili miji inunue kampuni zilizokuwa zinakufa. Hapo hapo wafanyakazi waliuliza: na sisi je? Kama kampuni binafsi inakuwa ya serikali, je, mapatano tuliyopata kwa mapigano mengi yanafutwa? Bunge lilijibu kwa kuweka kifungu, 13(c), ambacho kinajulikana mpaka leo kati ya watu wa kazi hiyo. Kinasema kwamba mji ukitaka pesa ya serikali kuu, lazima ulinde haki za wafanyakazi waliokuwapo, pamoja na haki yao ya kujadiliana mshahara kwa pamoja.

Njo maana madereva wa mabasi ya Marekani wamebaki na vyama vya nguvu vya kutetea wafanyakazi, sindika kama tunavyosema huku kwetu, wakati kazi zingine nyingi za nchi ile zimepoteza vyao.

Pesa inatoka kwenye mifuko mingi

Huku kwetu hesabu ya taxi-bus tunaijua. Abiria analipa, dereva anatoa pesa ya mafuta, anamletea mwenye gari kiasi walichopatana, na kinachobaki ni chake. Siku abiria wakikosa, dereva anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kule, dereva wa basi ya umma hagusi pesa ya nauli. Abiria anagonga karta ao simu kwenye mashine, na dereva analipwa kwa saa, basi iwe imejaa ao tupu. Basi inayopita saa tano usiku na watu watatu ndani inapita tu, kwa sababu kati ya hao watatu kuna mmoja anayetoka kusafisha hospitali.

Sasa ni nani anajaza pengo? Mbele ya Corona, ukichanganya nchi nzima, nauli ilikuwa inalipa karibu theluthi moja ya gharama za kila siku. Tangu Corona sehemu hiyo imeshuka zaidi. Kingine kinatoka kwenye mifuko hii:

Kwanza, kodi ya mji, ya wilaya ao ya jimbo. Mara nyingi ni sehemu ndogo ya kodi ya mauzo: ukinunua viatu ao sabuni, kuna nusu senti ao senti moja kwa kila dola inayoenda kwenye mabasi na treni. Kodi hiyo mara nyingi inapigiwa kura na wananchi wenyewe. Los Angeles, mwaka 2016, wananchi walikubali kuongeza nusu senti kwa ajili ya usafiri, na sheria ya pale ilidai thuluthi mbili za kura. Karibu na Atlanta mambo yalikuwa tofauti. Wilaya mbili, Fulton na DeKalb, zilikubali mwaka 1971 kutoa senti moja kwa ajili ya shirika la MARTA. Jirani yao, wilaya ya Gwinnett, ilikataa mwaka 1971, ikakataa 1990, ikakataa tena 2019. Wanahistoria wa mji ule hawafichi kwamba zamani wazungu wengi wa pembeni walikataa kwa sababu hawakutaka treni ilete watu weusi kwenye mitaa yao. Ukiangalia karta ya metro ya Atlanta leo, mahali reli inaishia panakuonyesha kura za wakati ule.

Pili, serikali kuu. Kwa kila galoni ya esansi, yaani karibu lita 3.8, dereva wa gari analipa kodi ya senti 18.4 kwa serikali kuu. Katika hizo, senti 2.86 zinaenda kwenye mfuko wa usafiri wa umma. Kodi hiyo ya senti 18.4 haijapanda tangu 1993. Na pesa ya serikali kuu ina masharti. Kwa miji mikubwa, sehemu kubwa yake ni ya kununua na kujenga, si ya kulipa madereva na mafuta. Kwa hiyo musishangae mukiona mji umenunua mabasi mapya yanayong'aa, na mwezi huo huo unakata laini kwa sababu hauna mshahara wa kuyaendesha.

Tatu, malipo ya magari binafsi katika sehemu zingine. New York ilianza tarehe 5 Januari 2025 kulipisha magari yanayoingia katikati ya mji. Gari la kawaida linalipa dola 9 wakati wa saa za msongamano, na pesa hiyo inasaidia metro na mabasi. Wenye magari walilalamika sana, lakini hesabu yake ni nyepesi: mwenye gari anachangia kidogo ili yule wa metro asafiri.

Maisha ya dereva

Tuingie ndani ya basi. Ili upate kazi hii unahitaji permi ya magari makubwa ya abiria, unapimwa dawa za kulevya, unafundishwa wiki nyingi. Kazi ina mshahara wa kila wiki ao wiki mbili, bima ya matibabu, na pensheni mwishoni. Kwa watu weusi na wahamiaji wengi, kazi hii ndiyo ilikuwa mlango wa kununua nyumba na kusomesha watoto. Zamani ilikuwa ya Waairishi na wahamiaji wengine wa Ulaya. Leo, katika miji mikubwa mingi, utakuta watu weusi, watu wa visiwa vya Karibi, Walatino, Waasia na Waafrika.

Lakini kazi ina ukali wake. Mambo yote yanapangwa kufuatana na miaka ya kazi. Mara chache kwa mwaka, madereva wa gereji moja wanachagua zamu zao. Mwenye miaka 25 anachagua wa kwanza: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa za muchana, laini tulivu. Aliyeingia juzi anachagua wa mwisho: usiku, Jumamosi, Jumapili, sikukuu, na ile laini ambayo kila mtu anaikimbia. Ni haki, kwa sababu hakuna mkubwa anayeweza kumpa ndugu yake zamu nzuri. Lakini kwa yule mpya mwenye watoto wadogo, haki hiyo ni chungu.

Kuna tena zamu ya kukatwa mara mbili. Abiria ni wengi asubuhi na jioni. Basi dereva anaweza kuanza saa kumi na moja ya asubuhi, kuachwa saa nne, halafu kurudi saa tisa mpaka saa moja ya jioni. Zile saa za katikati, kwao ni mbali, hawezi kurudi. Anasinzia ndani ya gari yake ao kwenye viti vya gereji. Siku yake ya kazi inakuwa ya saa kumi na nne, ingawa saa zinazolipwa zote ni chache kuliko hizo.

Na kuna jambo ambalo abiria hawafikirii: choo. Ratiba ikiwa ya kubana, basi ikichelewa kwa sababu ya mvua ao msongamano, dakika za kupumzika mwisho wa laini zinaliwa. Dereva anafika na wakati wake wa kuondoka umeshapita. Ataenda chooni na abiria wapige kelele, ao atavumilia? Wengi wanaepuka kunywa maji siku nzima. Vyama vyao vimepigania jambo hili mezani miaka na miaka, pamoja na mishahara.

Kisha kuna hatari ya kupigwa. Abiria aliyekosa pesa, aliyelewa, mgonjwa wa akili ambaye hakuna hospitali iliyompokea, ao mtu tu aliyekasirika kwa sababu nauli imepanda: wote wanamkuta dereva, amekaa, mikono kwenye usukani, hawezi kukimbia. Kutemewa mate ni jambo linalotokea sana. Ndiyo maana mabasi mengi sasa yana kioo kigumu kinachozunguka kiti cha dereva. Mwaka 2024 ofisi ya serikali kuu inayosimamia usafiri huu iliamuru mashirika zaidi ya 700 yapime hatari hiyo na kusema yatafanya nini.

Sindika, mgomo na jela

Vyama viwili ndivyo vikubwa. ATU kilianzishwa mwaka 1892, wakati wa tramu, na leo kina wanachama karibu 200,000 Marekani na Kanada. TWU kilizaliwa New York mwaka 1934. Mmoja wa waanzilishi wake na kiongozi wake kwa miaka mingi alikuwa Mike Quill, mhamiaji kutoka Ireland.

Tarehe 1 Januari 1966, siku meya mpya John Lindsay aliingia ofisini, Quill alisimamisha metro na mabasi yote ya New York. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliacha kazi. Jaji aliamuru warudi. Quill akapasua karatasi ya amri mbele ya waandishi. Akapelekwa jela, huko moyo ukamletea shida, akapelekwa hospitali. Mgomo ulikamata siku 12, na wafanyakazi walipata nyongeza nzuri ya mshahara. Quill alitoka hospitali, na tarehe 28 ya mwezi huo huo alikufa.

Mwaka uliofuata, jimbo la New York lilijibu kwa sheria inayoitwa Taylor. Inasema mfanyakazi wa serikali hana haki ya kugoma. Akigoma, anakatwa mara mbili ya mshahara wake wa kila siku aliyogoma, na chama chake kinapigwa faini.

Desemba 2005, siku chache mbele ya Noeli, sheria hiyo ilipimwa. Shirika lilitaka wafanyakazi wapya wachange pesa nyingi zaidi kwa pensheni yao kuliko wale wa zamani. Tuangalie vizuri hapa: waliokuwa kazini hawangeguswa. Waliotaka kuguswa ni wale ambao walikuwa hawajaajiriwa hata. Lakini chama, kikiongozwa na Roger Toussaint, mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa msafishaji wa metro, kilikataa. Walisema hawatauza wale wanaokuja nyuma yao. Waligoma siku 3, tarehe 20 mpaka 22, katika baridi kali, na watu wa New York walivuka madaraja kwa miguu. Mwishoni chama kilipigwa faini ya dola milioni 2.5, kikanyimwa kwa muda njia ya kukata michango moja kwa moja kwenye mshahara, na Toussaint akafungwa jela siku chache mwaka 2006.

Walifanya vizuri ao vibaya? Mama aliyekosa siku tatu za mshahara kwa sababu hakufika kazini ana jibu lake. Kijana aliyeajiriwa mwaka uliofuata ana lake. Mgomo wa basi una uchungu huo: haumchomi sana mkubwa wa shirika, ambaye ana gari lake. Unamchoma kwanza maskini mwenzako.

Kurasa ambazo hazisomwi kwa sauti

Haifai tuseme kwamba wafanyakazi siku zote walikuwa upande wa haki. Philadelphia, Agosti 1944, kampuni ilikubali, kwa msukumo wa serikali kuu, kuwafundisha watu weusi 8 waendeshe tramu. Mpaka siku ile, mtu mweusi aliweza kutengeneza reli na kufagia, lakini si kushika usukani. Maelfu ya wafanyakazi wazungu wakagoma. Chama cha TWU kiliwaomba warudi kazini, walikataa. Ilikuwa wakati wa vita, viwanda vya silaha vikakosa wafanyakazi. Rais Roosevelt alituma wanajeshi 5,000 wakapanda kwenye tramu, na kwa siku 6 hivi mambo yakaisha. Madereva weusi wakapata kazi yao.

Na wote tunamjua Rosa Parks, aliyekamatwa Montgomery tarehe 1 Desemba 1955 kwa sababu hakumwachia mzungu kiti. Watu weusi wa mji walisusia mabasi siku 381, wakiongozwa na mchungaji kijana, Martin Luther King. Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: kati ya madai yao ya kwanza, moja lilikuwa kwamba kampuni iajiri madereva weusi kwenye laini zenye abiria wengi weusi. Abiria wengi kabisa wa mabasi yale walikuwa weusi, lakini hakuna dereva hata mmoja aliyefanana nao. Walielewa kwamba haki ya kukaa na haki ya kuendesha ni mambo yanayoenda pamoja. Kampuni ilipoteza sehemu kubwa ya mapato, ikapandisha nauli, na bado watu walitembea kwa miguu.

Corona ilifunua kila kitu

Machi na Aprili 2020, New York ilifungwa. Abiria wa metro walipungua zaidi ya asilimia 90. Waliobaki ndani walikuwa wauguzi, wasafishaji, wauza chakula. Na madereva. Mwanzoni shirika liliwakataza wafanyakazi wake kuvaa maski, kwa sababu haikuwa sehemu ya yuniformu. Nyuma ya wiki chache likageuza maneno na kuanza kuzigawa. Madereva wakafunga mlango wa mbele, abiria wakaingia kwa mlango wa nyuma bila kulipa, ili pumzi zisikutane. Hata hivyo wafanyakazi zaidi ya 150 wa shirika hilo moja walikufa. Familia ziliahidiwa dola 500,000 kila moja. Watu waliwaita mashujaa.

Kwa pesa, nauli ilipotea karibu yote. Serikali kuu ikatoa msaada mara tatu, kuanzia dola bilioni 25 za Machi 2020, na jumla ikafika karibu bilioni 70. Safari hii iliruhusiwa kulipa mishahara. Mashirika yakapona. Lakini ilikuwa pesa ya mara moja. Kila mkurugenzi alijua siku itafika itakapokwisha, na wafanyakazi wengi wa ofisi walikuwa wamezoea kufanyia kazi nyumbani. Tikiti zao hazikurudi. BART, treni ya upande wa San Francisco, iliumia zaidi, kwa sababu mbele ya Corona karibu thuluthi mbili za gharama zake za kila siku zilitoka kwenye nauli. Shirika lililosifiwa kwa kujitegemea ndilo lililoanguka vibaya.

Philadelphia: kula mbegu

Mwaka 2025 siku hiyo ilifika Philadelphia. SEPTA ilitangaza kwamba inakosa dola milioni 213. Iliomba bunge la jimbo la Pennsylvania. Bunge lile lina upande wa mji mkubwa na upande wa vijijini. Wabunge wa vijijini waliuliza: kwa nini watu wetu, ambao wanahitaji barabara na madaraja, walipe mabasi ya Philadelphia? Wa mji wakajibu kwamba uchumi wa mji ndio unalisha jimbo lote. Mabishano yakaendelea, siku zikapita.

Tarehe 24 Agosti 2025, laini 32 za mabasi ziliondolewa, zingine zikafupishwa ao kupunguzwa. Masomo yalianza kesho yake, tarehe 25. Katika mji ule wanafunzi wengi wa sekondari hawana basi la shule. Wanapanda basi la umma kama kila mtu. Watoto walitoka nyumbani giza bado, wakaona mabasi yaliyojaa yakipita bila kusimama. Na ni nani alikuwa kwenye usukani, akiangaliwa na mtoto aliyeachwa barabarani? Dereva, ambaye aliambiwa na wakubwa wake apite.

Jaji aliamuru shirika lirudishe huduma. Nauli zikapanda kwa wastani wa asilimia 21.5, na tikiti ya basi ikatoka dola 2.50 mpaka 2.90. Na pesa? Jimbo liliruhusu SEPTA kuchukua mpaka dola milioni 394 kutoka kwenye mfuko wa kununua na kutengeneza vitu, na kuzitumia kwa matumizi ya kila siku, kwa miaka miwili. Mkulima anaelewa upesi: ni kula mbegu iliyowekwa kwa kupanda. Leo munashiba, lakini shamba? Mwaka huo huo, treni za SEPTA zilizojengwa miaka ya 1970 zilishika moto zaidi ya mara moja, na serikali kuu ikaamuru zote zikaguliwe. Zilikuwa treni ambazo pesa ya mfuko ule ule ingesaidia kuzibadilisha.

Basi, tunabeba nini?

Rudi sasa kwenye ile simu ya ndugu yako. Neno "wameiondoa" lina watu ndani yake, na wako wengi: wabunge wa jimbo, wapiga kura waliokataa senti moja, baraza la wakurugenzi wa shirika ambao mara nyingi wanateuliwa na meya, gavana ao wilaya. Dereva hayuko katika orodha hiyo.

Na ndugu yako si mtu wa kukaa tu. Mashirika haya ni ya umma. Mbele ya kukata laini ao kupandisha nauli, kwa kawaida wanalazimika kufanya mkutano wa wazi ambapo kila mtu anayeishi pale anaweza kusimama na kusema, hata kama hajawa raia. Mara nyingi mashirika makubwa yanatafuta mkalimani mtu akiomba mbele ya wakati. Wenye kusema kwenye mikutano hiyo mara nyingi ni wazee na watu wenye ulemavu, kwa sababu basi njo maisha yao. Watu wetu wanaonekana kidogo, kwa sababu ya lugha na kwa sababu wako kazini.

Tena kuna mlango mwingine: kazi yenyewe. Mashirika mengi yamekosa madereva tangu Corona, na wengine hata wanalipa mafunzo ya permi. Atakayeingia ajue anachoingia: zamu za usiku kwanza, matusi pia, lakini na pensheni na chama nyuma yake, na miaka ikipita, haki ya kuchagua zamu ya muchana.

Wakati mwingine tukisikia kule ama huku kwetu kwamba nauli imepanda ao laini imekufa, mbele ya kumpigia dereva kelele tuulize maswali matatu: pesa ya gari hii inatoka wapi? Ni nani ameamua kuikata? Na ni nani amebaki kupokea hasira yetu kwa niaba yake?